Pini ya Ishirini

Aliyenisimulia haya ni fundi wangu wa cherehani mwenyewe, Jumamosi asubuhi, wiki ya tatu tangu apigwe ile picha ya tumbo. Nilikuwa nimesimama mbele yake ndani ya gauni ambalo halijaisha, mkono mmoja nimeuinua juu. Miaka kumi na minne ananishonea, na sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "geuka" na "pumua", maana mdomo wake siku zote ulikuwa umebana pini. Siku hiyo mdomo ulikuwa mtupu. Pini zote zilikuwa zimechomekwa kwenye kimto kibaya kibaya alichokifunga mkononi kama saa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Shusha mkono kwanza, utachoka. Habari yenyewe ndefu." Basi naiandika kama alivyonipa, na chumvi nimeongeza kidogo tu, pale ilipokuwa imepungua.

Fundi huyu zamani alikuwa mtu mkubwa. Si unene wa kutaniwa na mashoga, la, ukubwa wa kusimama chini ya ngazi na kuhesabu vidato kabla ya kupanda. Viti vya kazini alivunja viwili. Magoti yakagoma kukanyaga cherehani, ikabidi mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, amtafutie ya umeme. Mwisho madaktari wakamfanyia upasuaji. Tumbo lake wakalikata, wakamwachia kipande chembamba mfano wa ndizi, wakakifunga kwa vibanio vidogo vidogo vya chuma ambavyo hukaa humo humo maisha. Ndizi hiyo ukiijaza kikombe cha kahawa imetosha. Ukizidisha, inarudisha.

Tangu siku hiyo nyumbani kwao kukawa na sheria, na msimamizi wa sheria ni mama mkwe wake. Huyu ni bibi mfupi, mkavu, aliyefua mashuka na magauni ya hospitali miaka ishirini na miwili mpaka kucha zikawa nyeupe. Upasuaji wenyewe hakuupenda. Alisema mtu mzima hakatwi tumbo kama kitambaa. Lakini ulipokwisha kufanyika, yeye ndiye aliyebeba kile kikombe cha plastiki kinachokuja na chupa ya dawa ya kikohozi, akakifanya ndicho kipimo cha nyumba. Maji, kikombe kimoja, ngoja dakika tano. Supu, kikombe kimoja, ngoja dakika tano. Saa ya mkononi ameifunga kwa uzi, jicho haliondoki.

Mwezi kwa mwezi Fundi akapungua. Watu njiani wakawa wanampita bila kumsalimu, si kwa dharau, hawamtambui. Na huyu mtu anayevalisha mtaa mzima, yeye mwenyewe hakujishonea hata nguo moja mpya. Alikuwa na gauni la bluu lenye maua meupe, akalipunguza mara ya kwanza, akalipunguza mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ndani likawa mishono juu ya mishono kama mistari ya daftari. Siku akichoka kushona, alikusanya kitambaa kiunoni akakibana kwa pini, akaendelea na kazi za watu.

Na kuchoka alichoka. Unene ulikuwa unamchosha, na kupungua kukawa kunamchosha vilevile. Chakula kidogo, kazi ile ile, mgongo unauma, oda za sare za shule zimelundikana mpaka dirishani. Ndipo siku moja, saa nne asubuhi, jua kali nje, akasinzia juu ya cherehani na pini mdomoni.

Mama mkwe alipita na ndoo, akamwona. Akapiga meza kofi.

"Wewe! Utazimeza hizo!"

Fundi akashtuka, akatema pini kiganjani. "Sijalala, mama. Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri huku unakoroma? Mwanangu, nimekwambia tangu mwaka ulioolewa, mdomo si mto wa pini. Siku moja utakuja kunipa kazi mimi."

Jioni, kama desturi yake, Fundi akahesabu pini zake. Ni pini ishirini, ndefu, zenye vichwa vya rangi, na kila jioni lazima zitimie, maana pini ikibaki ndani ya sare ya mtoto wa watu ni balaa. Akahesabu kumi na tisa. Akarudia, kumi na tisa. Akachukua sumaku yake, akaipitisha sakafuni, chini ya meza, ndani ya mabaki ya vitambaa. Sumaku ikaokota sindano iliyovunjika, ikaokota skrubu, ikaokota hata kifuniko cha soda. Pini ya ishirini haikuonekana.

Hakumwambia mtu. Siku nne baadaye maumivu yakaanza, chini ya mbavu za kushoto, na kila anachokunywa kinarudi.

Sasa mnaelewa alikuwa na nini moyoni. Daktari wake wa upasuaji alimpapasa, akakunja uso, akasema inawezekana pale paliposhonwa panavuja, au pameziba, hawezi kujua bila kuona. "Nenda ukapigwe skani. Tukikuta panavuja, tutarudi ndani." Fundi akaitikia, akatoka, na habari ya pini akatoka nayo vilevile mdomoni, amefunga midomo kama kawaida yake. Jioni mumewe alipopiga simu kutoka huko njiani, akamwambia neno moja tu: "Mume wangu, kisu cha pili siendi. Nitabaki hivi hivi." Ndani ya simu likasikika lori tu, likinguruma.

Maandalizi ya skani si mchezo. Alhamisi alitolewa damu kuangalia kama figo zitaimudu dawa watakayomtia. Akapewa karatasi ya maelekezo, na mama mkwe akaibandika ukutani juu ya cherehani, akawa anaisoma kwa sauti kila akipita, kidole kikifuata mistari. Usile kitu kuanzia saa nne usiku. Usivae kitu chenye chuma. Njoo na mtu wa kukusindikiza.

"Mtu wa kukusindikiza ndiye mimi," akasema. "Hereni utaziacha nyumbani. Na ile sidiria yenye vyuma, iache. Yule mpiga picha asije akafikiri unaficha ghala la silaha."

Jumanne saa moja asubuhi wakawa hospitalini. Chumba cha kungojea kina viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, ukiinuka wewe, wenzako wote wanatikisika. Ukutani feni inazunguka kwa kujilazimisha. Mashine ile hufanya kazi ya wagonjwa wa nje Jumanne tu, na foleni ni ndefu, atakayeikosa Jumanne hii atangoja wiki tano. Fundi alikuwa hajaweka kitu tumboni tangu jana yake, na hata jana yenyewe kilichoingia kilirudi. Kichwa kilikuwa chepesi, miguu kama ya kuazima.

Nesi akaja na chupa ya lita nzima, imejaa maji meupe mazito.

"Mama, hii ni dawa ya kufanya tumbo lionekane kwenye picha. Unywe yote ndani ya saa moja. Halafu tutakuita."

Fundi akaiangalia chupa kama mtu aliyeonyeshwa mlima. "Yote?"

"Yote. Wenzako wanamaliza kwa nusu saa."

Mama mkwe akainuka, viti vyote vikatikisika. "Binti yangu, wewe umesoma faili la mtu huyu? Huyu tumbo lake limekatwa. Ukimpa lita moja kwa saa moja, atakurudishia lita moja na nusu hapa hapa kwenye viatu."

Nesi akafungua faili, akasoma, uso ukabadilika. Akaenda kupiga simu. Aliporudi alikuwa mpole zaidi. "Daktari wake anasema anywe nusu ya chupa, taratibu, kwa saa mbili. Na kikombe cha mwisho akinywe pale pale kwenye mashine kabla ya picha. Lakini asitapike. Akitapika, hakuna picha leo."

"Hatatapika," mama mkwe akasema, kama ni yeye mwenye tumbo. Akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kile kikombe cha dawa ya kikohozi, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, akaiweka saa yake gotini. "Haya. Kimoja."

Dawa ilikuwa na ladha ya chaki, ile chaki ya kuchorea vitambaa, imekorogwa na ndimu ya juzi. Fundi akaimeza, akafumba macho, akangoja ishuke. Ikasimama kidogo katikati kama mgeni mlangoni, kisha ikapita.

"Dakika tano," mama mkwe akasema. "Kimoja tena."

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Kikombe, dakika tano. Kikombe, dakika tano. Watu walioingia nyuma yao wakanywa lita zao kwa mafunda makubwa, wakaitwa, wakapigwa picha, wakatoka wakiuliza choo kiko wapi. Fundi yeye yupo tu na kikombe chake. Katikati akaja nesi kumtia sindano ya kuachwa mkononi, mishipa ikajificha, akachomwa mara tatu, mara ya nne ikakubali. Hakulalamika. Hata kulalamika kunataka nguvu.

Kila funda likishuka, alikuwa analisikiliza. Linapita wapi? Linagusa nini? Alijiona ndani kama mtu anayechungulia chumba chenye giza: ndizi ile ndogo, imefungwa vibanio, na katikati yake, imelala upande, pini yenye kichwa cha rangi. Alishajua hata kichwa chake ni cha rangi gani. Cha kijani, maana kwenye hesabu cha kijani ndicho kilichokosekana.

"Unatetemeka," mama mkwe akasema.

"Baridi."

"Feni ile haipepei hata nzi, baridi umeitoa wapi?"

"Nimechoka, mama."

Mama mkwe akamtazama kwa muda. Akavua mtandio wake, akamtupia mabegani, akaangalia saa. "Kimoja tena, mwanangu. Bado vinne."

Saa nne na nusu mpiga picha akafungua mlango. Ni bwana wa makamo mwenye macho mekundu ya mtu aliyepitiliza zamu, na mkononi ameshika faili. Akaita. Fundi akainuka. Yule bwana akamtazama, akatazama nyuma yake, akatazama tena faili.

"Namwita mwenye faili hili."

"Ndiye mimi."

"Hapa imeandikwa kilo mia moja arobaini na mbili."

"Nyingine niliziacha," Fundi akasema. Si kwa mzaha. Alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi mno, kila dirisha na kila mlango.

Lakini gauni la kubadilisha lilikuwa limeshawekwa tayari kwa kilo za kwenye faili. Wakampa lile lile, akaingia chumba cha kubadilishia, kichumba cha kugeuka kwa adabu, msumari mmoja mlangoni wa kutundikia nguo. Akavua gauni la bluu. Akavaa la hospitali. Likamwagika mabegani, likamwagika ubavuni, kamba zake za mgongoni hazikujua zifunge nini. Akajiona kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni, amesimama ndani ya ule ukubwa wake wa zamani kama mtu aliyevaa hema. Macho yalikuwa yanajifunga yenyewe. Akaegemeza kichwa ukutani, mikono ikaliweka gauni sawa, maana mikono ya fundi haingoji kutumwa, kisha akatoka.

Kitanda cha mashine ni chembamba na kigumu. Mbele yake lile duara kubwa jeupe, limetoboka katikati kama pete ya jitu. Mara ya mwisho kuletwa kwenye mashine kama ile, kabla ya upasuaji, walimrudisha: kitanda kisingembeba. Leo kikambeba bila kuguna. Ingekuwa siku nyingine, angefurahi.

"Kwanza tunapiga picha moja ya kutazamia tu," mpiga picha akasema. "Kisha unakunywa kikombe chako cha mwisho, halafu tunaanza. Mikono juu ya kichwa. Usitikisike."

Akaenda zake chumba cha pili, nyuma ya kioo. Kitanda kikasogea ndani, kikarudi. Kimya. Kisha spika ikakoroma juu ya kichwa chake.

"Mama, una chuma chochote mwilini?"

"Vile vibanio vya daktari."

"Hivyo naviona, vimejipanga kama mshono. Hiki ni kingine. Kirefu."

Akatoka, akaja, akamwangalia shingo, masikio, nywele. Akapitisha kiganja juu ya gauni kwa mbele, haraka haraka, kwa heshima. Hakuna kitu. Akakuna kichwa.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

Yule bwana akavuta pumzi, akaitoa polepole. "Umewahi kumeza pini?"

Basi. Wiki tatu nzima alikuwa amelibeba neno lile mdomoni, na sasa limetolewa na mtu mwingine. Machozi yakamtoka yakashukia masikioni, maana alikuwa chali. "Sijui," akasema. "Nilisinzia nazo mdomoni. Jioni nikahesabu, moja haipo."

"Mbona hukumwambia daktari?"

"Angenikata."

Mpiga picha hakugomba. Alivuta simu ya ukutani, akaongea kwa sauti ya chini, akarudi. "Daktari wako anashuka sasa hivi. Mama, nisikufiche. Kama pini iko ndani ya tumbo lililoshonwa, hulali nayo. Watakuingiza leo leo."

Fundi akaitazama dari. Ilikuwa na doa la maji, umbo la kola. Tumbo likaanza kupanda, dawa yote ile ya vikombe vidogo, saa mbili za kuhesabu dakika, ikaja mpaka kooni. Akaimeza. Akaimeza tena. "Naomba uniitie mama mkwe wangu," akasema. "Yuko hapo nje. Kama nakwenda, namwambia kwa mdomo wangu."

Mama mkwe akaingia amebana mkoba kwapani, akifikiri kazi imekwisha. Fundi akamwambia yote, kwa ufupi, macho kwenye dari. Usingizi ule. Hesabu ile. Sumaku. Siku nne.

Bibi wa watu akasimama pale. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nalala chumba cha pili, ukuta mmoja, nasikia unavyogeuka usiku, najua ni mgongo. Kumbe!" Akajipangusa uso kwa kiganja kikavu. "Mimi nimekuwa askari wa kukuogopesha hivyo? Nahesabu vikombe, nahesabu dakika, na pini unaihesabu peke yako?"

"Uliniambia nitakupa kazi, mama."

"Nilisema tu! Mdomo wangu unaujua!"

Akamshika mkono ule wenye sindano, akakumbuka, akauachia, akamshika bega. Na pale mkono ulipofika begani, ukasimama. Bibi akaunyanyua ukingo wa gauni, akauachia. Akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama mkwewe kuanzia shingoni mpaka magotini, kama anatazama shuka lenye doa.

"Hili gauni," akasema, "mbona limemkaa?"

"Bibi, tafadhali," mpiga picha akasema, "daktari anakuja."

"Ngoja kwanza, baba. Magauni haya nimeyafua miaka ishirini na miwili. Nimeyafua, nimeyapiga pasi, nimeyakunja kwa mamia. Sijaona hata moja, hata moja nakwambia, lililowahi kumkaa binadamu. Mnene linambana, mwembamba linamwogelea. Na hili mmempa la kilo mia na arobaini. Sasa kiuno kimetoka wapi?"

Akapiga goti kando ya kitanda, akaingiza vidole chini ya ubavu wa kushoto wa Fundi, kwa nyuma, pale kitambaa kilipokunjwa mkunjo mmoja safi, ulionyooka, wa mtu anayejua kazi. Akapapasa. Akasonya. Akachomoa.

Ilikuwa pini ndefu, kichwa cha kijani.

Feni ya mashine ndiyo iliyokuwa ikivuma peke yake.

"Umeibana kwa ndani," mama mkwe akasema polepole. "Kichwa kisionekane. Fundi mzuri wewe, Mungu akusamehe."

Fundi akaitazama pini. Kumbukumbu zikaja moja moja, kwa uchovu, kama watu wanaotoka kwenye basi. Kichumba kile. Gauni la bluu mkononi, kiunoni mwake kuna kitu kinachoshika, akakichomoa kama anavyochomoa pini kila siku kwenye nguo za watu, akakihamishia kwenye gauni hili, akatoka. Wala hakujua kama amefanya. Na siku ile aliyosinzia? Gauni la bluu. Asubuhi yake alilibana kiuno, akasema atalishona jioni. Jioni akahesabu pini, akasahau kiuno. Tangu hapo akawa analifua kwa mkono, analivaa, pini imejilaza ndani ya mishono minne, imetulia kama iko kwao.

"Nimevaa," akasema. "Wiki tatu nimeivaa."

Mpiga picha akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Alipogeuka tena alikuwa amejifuta macho. "Mama, umenizeesha," akasema. "Nilikuwa na miaka thelathini na nane nilipoingia humu leo asubuhi."

Alipofika daktari wa upasuaji, anahema, glavu mfukoni, mama mkwe alimwonyesha pini tu, hakuongeza neno. Wakapiga tena ile picha ya kutazamia. Safi. Vibanio peke yake, mstari mmoja, umenyooka. Fundi akainuliwa kidogo, akanywa kikombe cha mwisho, kile cha dawa ya kikohozi, mama mkwe akimshikia kichwa. Kisha wakamtia dawa nyingine mkononi, joto likamshuka mwili mzima mpaka akadhani amejikojolea, na spika ikasema juu yake, "Vuta pumzi. Usipumue." Akangoja. "Pumua." Ndipo akakumbuka anavyowaambia watu hivyo hivyo kila siku, amewashika kiuno na futi, na wao wanatii.

Daktari alizitazama picha pale pale, amesimama, kidole kikitembea juu ya kioo. Fundi alikuwa amerudishiwa gauni la bluu, limemlegea, amelishika kiunoni kwa mkono.

"Hakuna panapovuja," daktari akasema. "Pale chini pamevimba, pamebana. Ndiyo maana kila kitu kinarudi. Nikuulize, unameza vidonge vya maumivu?"

Fundi akatazama chini. "Vya mgongo. Vya dukani. Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu sare za shule zianze."

"Mtihani mwingine huu!" mama mkwe akasema. "Una siri ngapi wewe? Niitishe kikao?"

"Vidonge hivyo kwa tumbo kama lako ni moto," daktari akasema. "Acha leo. Nakupa dawa ya wiki sita, kisha tutaangalia tena. Majibu kamili ya picha yatatoka Ijumaa, lakini kwa ninachokiona hapa, kisu hakuna."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alidhani siku atakayoambiwa neno hilo atapiga vigelegele. Hakupiga. Alitafuta kiti, akakaa.

Walifika nyumbani saa kumi, jua bado limejaa dirishani. Mama mkwe alimpigia mwanawe simu huko njiani, akamweleza kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, mume akacheka, kisha akasema anaegesha lori alale kidogo, maana tangu juzi hajalala vizuri. "Lala, baba," mama yake akamwambia. "Na sisi tunalala."

Lakini bibi hakulala. Fundi alijitupa kwenye godoro la chumba cha kazi, kati ya marundo ya sare, akamwona kwa macho nusu. Bibi alichukua kipande cha kitambaa cha bluu kwenye mabaki, akakijaza pamba, akakishona kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona, akaweka na mpira wa kukifungia mkononi.

"Kibaya," Fundi akasema kutoka godoroni.

"Nyamaza. Cha kwako ndiyo hiki. Nikikukuta tena na pini mdomoni, nakushona huo mdomo. Na kuhesabu, jioni tutahesabu wawili."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaanza kuchomeka pini moja moja kwenye kimto kile, akihesabu kwa sauti kama mtu anayembembeleza mtoto. Moja. Mbili. Tatu. Nje watu walikuwa wanatoka kazini, viatu vinapita dirishani. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Akaishika ya kijani kwenye mwanga. Ishirini. Kisha kidevu kikamshukia kifuani, kimto kikiwa gotini, akaanza kukoroma pale pale kitini, saa yake ya uzi ikitembea.

Fundi alitaka kuinuka amwekee mto shingoni. Akasema, ngoja dakika tano. Dakika tano hazikufika, naye akalala.